Detroit, Wajapani na mishahara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kampuni za magari za Marekani

Kila Marekani inapopandisha ushuru wa magari, au wafanyakazi wa Michigan wanapogoma, maswali huwa yale yale. Tumeyakusanya hapa. Jibu moja likigusa jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. "Detroit" ni mji au ni kampuni?

Ni mji, katika jimbo la Michigan, lakini kwenye habari za magari jina hilo humaanisha kampuni tatu: Ford iliyoanzishwa 1903, General Motors (GM) ya 1908 na Chrysler ya 1925. Ford yenyewe iko Dearborn na Chrysler iko Auburn Hills, miji ya jirani.

Chrysler imepita mikono mingi. Mwaka 1998 iliungana na Daimler ya Ujerumani, 2007 ikauzwa kwa wawekezaji wa Cerberus, 2009 ikafilisika na kuangukia kwa Fiat ya Italia, na tangu 2021 imo ndani ya Stellantis, kampuni iliyosajiliwa Uholanzi. Jeep, Ram na Dodge zote zimo humo. Kwa hiyo kati ya "tatu za Kimarekani", moja kisheria si ya Marekani tena.

2. Ziliwahi kuwa na nguvu kiasi gani?

Miaka ya 1950, karibu nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa ya GM peke yake. Ukiongeza Ford na Chrysler, wengine waligawana makombo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: badala ya kushindana kwa uimara, kampuni zilishindana kwa urembo, mwaka huu mapezi marefu nyuma, mwaka ujao taa mpya. GM ilikaa namba moja duniani kwa mauzo miaka 77 mfululizo, hadi Toyota ilipoipita 2008. Leo fungu lake nyumbani ni takriban gari moja katika kila sita.

3. Wajapani waliingilia wapi?

Waliingilia kwenye mafuta. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu ziliizuia Marekani mafuta, bei ikapanda takriban mara nne katika miezi michache, na vituoni kukawa na foleni. Mapinduzi ya Iran ya 1979 yakarudia shida ile ile. Detroit ilikuwa na magari marefu kama mitumbwi yanayokunywa mafuta, na yale madogo iliyoyatoa kwa haraka yaliitia aibu. Chevrolet Vega ilikula kutu na injini yake ikachemka. Ford Pinto ilibidi irudishwe 1978 kwa sababu ya tangi lililoweza kuwaka moto gari likigongwa nyuma.

Toyota, Honda na Datsun walikuwa wanatengeneza magari madogo siku zote, kwa sababu kwao mafuta ni ghali na barabara ni nyembamba. Mnunuzi alikuja kwa ajili ya mafuta, akabaki kwa sababu gari halikumlaza njiani. Mafuta yaliposhuka bei miaka ya 1980, hakurudi Detroit.

4. Ni kweli watu walivunja magari ya Kijapani kwa nyundo?

Ndiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa kama michezo ya maonyesho: unatoa hela kidogo, unapewa nyundo, unaipiga Toyota. Lakini hasira haikuishia kwenye mabati. Juni 1982, pale Highland Park nje kidogo ya Detroit, kijana aitwaye Vincent Chin alipigwa kwa rungu la besiboli na mtu aliyekuwa msimamizi katika kiwanda cha Chrysler, akisaidiwa na mwanawe wa kambo aliyekuwa amepoteza kazi ya magari. Chin alifariki siku chache baadaye. Hakuwa Mjapani, alikuwa Mmarekani mwenye asili ya China. Wauaji walipewa kifungo cha nje na faini ya dola 3,000 kila mmoja.

## Mishahara, pensheni na chama

5. Je, ni kweli mfanyakazi wa Detroit alikuwa analipwa zaidi ya dola 70 kwa saa?

Hili ndilo swali linalokosewa kuliko yote. Namba hiyo ilisambaa sana mwaka 2008, na hakuna aliyewahi kuiona kwenye hati yake ya mshahara. Mfanyakazi mzoefu alikuwa anapata takriban dola 28 kwa saa. Ongeza saa za ziada, likizo na bima yake mwenyewe, unafika kwenye hamsini na kitu. Kilichobaki hakikwenda kwake kabisa: ni gharama za wastaafu, zikagawanywa kwa saa za wale wachache waliobaki kazini.

Hesabu hiyo ina mtego. Ukipunguza wafanyakazi leo, kesho "mshahara kwa saa" unapanda, ingawa hakuna aliyeongezewa hata senti. Toyota na Honda, kwenye viwanda vyao vya Marekani, zilikuwa kwenye dola arobaini na kitu. Mshahara wenyewe haukutofautiana sana. Tofauti ni kwamba viwanda vyao vilikuwa vipya na bado havikuwa na wazee.

6. Kwani kampuni ya magari inahusikaje na matibabu ya wazee?

Katika nchi nyingi tajiri matibabu ni jambo la serikali. Marekani baada ya vita vya pili, Rais Truman alijaribu kupitisha bima ya taifa akakwama bungeni. Kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari (UAW), Walter Reuther, naye alitaka mfumo wa taifa zima. Alipoona haupo, alidai mezani kwa mwajiri. Mwaka 1950 GM ilisaini mkataba wa miaka mitano, maarufu kama Mkataba wa Detroit, wenye pensheni, bima ya afya na nyongeza inayofuata kupanda kwa gharama za maisha. Chama nacho kiliahidi amani viwandani. GM iliona imepata bei nzuri, na kwa wakati ule ilikuwa kweli: wazee walikuwa wachache na vijana wengi.

Baada ya mgomo wa 1970 likaingia dai la "miaka 30, basi". Hatimaye mtu aliyeanza kazi akiwa na miaka 18 aliweza kustaafu kabla ya kufika 50. Huyo ana miaka thelathini mbele ya kulipiwa dawa za presha na kisukari, na mara nyingi mkewe pia. Kufikia 2005 GM ilikuwa inahudumia matibabu ya watu wapatao milioni 1.1, wengi wao hawakuwa wanatengeneza gari lolote. Mwaka 2004 gharama hiyo ilikuwa kiasi cha dola bilioni 5.2, takriban dola 1,500 ndani ya kila gari. Hizo ni dola ambazo Toyota iliweza kuzitia kwenye viti bora na dashibodi isiyopiga kelele, ikauza kwa bei ile ile.

7. Chama kilipataje nguvu ya kudai hayo yote?

Flint, Michigan, majira ya baridi ya 1936. Wafanyakazi wa GM hawakutoka nje kugoma, waliketi ndani ya kiwanda, juu ya viti vya magari ambayo hayajakamilika. Ukigoma nje, mwajiri huleta watu wengine. Ukikaa juu ya mashine zake, hana pa kuwaweka. Mgomo ulianza 30 Desemba na kumalizika 11 Februari 1937, siku 44, na GM ikaitambua UAW. Ndani ya miaka michache hakukuwa na kampuni kubwa ya magari nchini isiyo na chama.

8. Na ile habari ya kulipwa bila kufanya kazi?

Ni kweli. Mpango ulianza 1984: ukipunguzwa kwa sababu mashine imechukua nafasi yako, unaendelea kupokea karibu mshahara mzima. Nia ilikuwa kuwafanya wafanyakazi wasiogope roboti. Katikati ya miaka ya 2000 waliokuwemo walizidi 10,000, wengine wakishinda ukumbini wakijaza mafumbo ya maneno. Ulifutwa 2009. Fedha zake zilikuwa kidogo ukilinganisha na za swali la 6, lakini ni hadithi ambayo hakuna mwanasiasa angeiacha ipite.

9. Kwa hiyo ni chama kilichoiua Detroit?

Kama ni chama, basi tueleze Fremont.

GM ilikuwa na kiwanda Fremont, California, kilichosifika kwa ubaya. Utoro ulikuwa mkubwa hata siku nyingine mlolongo wa kuunganisha magari ulishindwa kuanza asubuhi. Waliofanya kazi pale wamesimulia habari za pombe zamu ya mchana, na chupa za soda zilizofungiwa ndani ya milango makusudi ili zimkere mteja. GM ilikifunga 1982. Mwaka 1984 kilifunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kwa jina la NUMMI. Chama kilikuwa kile kile, na wengi wa wafanyakazi walikuwa wale wale.

Kilichobadilika ni kamba. Pale zamani kusimamisha mlolongo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote: boliti ikikaa vibaya, gari linaendelea, litarekebishwa huko mwisho, au halitarekebishwa. Toyota ilitundika kamba juu ya kila kituo. Ukiona tatizo unaivuta, muziki unalia, kiongozi wa kundi anakuja na kukuuliza akusaidie nini. Wafanyakazi waliopelekwa Japani kujifunza walishangaa kuona mtu anasimamisha kazi na kushukuriwa. Muda si mrefu utoro uliporomoka, na magari ya Fremont yakawa na ubora wa kukaribiana na ya Japani.

GM ilichukua miaka mingi kuyasambaza hayo kwenye viwanda vyake vingine, maana mameneja wengi hawakuona cha kujifunza. Na hata ubora ulipopatikana, jina lilikwisha kuharibika. Fremont ilitoa Toyota Corolla na Geo Prizm ya GM, gari pacha kutoka mlolongo mmoja, na mteja alilipa zaidi kwa yenye nembo ya Toyota. Kwa saa za kazi kwa gari moja Detroit ilifukuzia hadi ikafika: ripoti ya sekta ya 2008 iliiweka Chrysler sawa na Toyota, saa 30 na kidogo. Mwaka uliofuata Chrysler ikafilisika.

## Ushuru na mipaka

10. Kuku anahusikaje na pikapu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ulaya ilitoza ushuru kuku wa bei rahisi kutoka Marekani. Rais Johnson akalipiza kwa ushuru wa asilimia 25 ulioanza 1964, uliogusa brandi, wanga wa viazi na malori madogo, shabaha ikiwa magari ya mizigo ya Volkswagen. Vingine viliondolewa baadaye. Wa pikapu umebaki hadi leo, wakati magari ya abiria yalikuwa yanalipa asilimia 2.5 tu kwa miongo.

Kwa maoni yangu huu ndio ufunguo wa mambo yote. Nyuma ya ukuta huo Detroit ilipata kona ambayo mgeni hakuifikia kirahisi, ikahamia humo na mabegi yake. Familia ya pikapu za Ford F-Series imeongoza mauzo ya pikapu nchini tangu 1977. Faida ya pikapu ndiyo iliyolipa ahadi za swali la 6, na gari dogo likaachwa kama mtoto wa kambo. Mwaka 2018 Ford ilitangaza kuacha karibu magari yake yote ya saluni Marekani, ikabakiza Mustang.

Kichekesho ni kwamba Ford yenyewe iliwahi kuukwepa. Ilitengeneza Transit Connect Uturuki, ikaipeleka Marekani ikiwa na viti vya nyuma ili ihesabike gari la abiria, na baada ya forodha ikang'oa viti hivyo. Mwaka 2024 ilikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza kesi.

11. Mipaka waliyowekewa Wajapani 1981 ilisaidia?

Ilisaidia kwa muda mfupi na kuumiza kwa muda mrefu. Japani "ilijitolea" kutouza zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Ukiruhusiwa idadi ndogo, unauza ya bei kubwa, na Wajapani wakaanza kutengeneza magari makubwa na ya kifahari: Acura ikaja 1986, Lexus 1989. Pili, walijenga viwanda ndani ya Marekani. Honda ilianza kuunganisha Accord huko Marysville, Ohio, 1982. Nissan ikafuata Smyrna, Tennessee, 1983, Toyota Georgetown, Kentucky, 1988. Detroit iliomba uzio, mshindani akaja kujenga ndani ya uzio.

12. Kwa nini viwanda vya wageni vingi viko kusini?

Kwa sababu ya chama, na ruzuku za majimbo. Majimbo ya kusini yana sheria zinazomruhusu mfanyakazi kutolipa ada ya chama hata kama chama kinamwakilisha, na magavana wake hutoa ardhi na misamaha ya kodi. UAW ilishindwa kura huko kwa miongo. Aprili 2024 ilishinda kwenye kiwanda cha Volkswagen Chattanooga, na mwezi uliofuata ikashindwa kwa Mercedes huko Alabama.

## Kufilisika kwa 2009

13. Ilikuwaje GM na Chrysler zikafilisika na Ford ikapona?

Mafuta yalipanda 2008, pikapu zikadoda, kisha benki zikaanguka na mikopo ya magari ikakauka. Novemba wakuu wa kampuni tatu waliruka hadi Washington kuomba fedha, kila mmoja kwa ndege yake binafsi. Mwezi uliofuata walirudi kwa barabara, wakiendesha magari ya mseto (petroli na umeme). Chrysler iliomba ulinzi wa mahakama 30 Aprili 2009, GM 1 Juni.

Ford ilikuwa imekopa mapema. Mwaka 2006, mikopo ikiwa bado rahisi, iliweka rehani karibu kila ilichonacho, hata nembo yake ya duara la buluu, ikapata zaidi ya dola bilioni 23. Haikuwa na afya kuliko wenzake, ilikuwa tu na akiba.

14. Serikali ilipata hasara?

Kwa GM, ndiyo. Iliweka takriban dola bilioni 49.5, na ilipouza hisa za mwisho Desemba 2013 pengo lilizidi dola bilioni 10. Wanaotetea uamuzi huo husema kuacha wauza vipuri wote waanguke kungegharimu zaidi. Pontiac, Saturn na Hummer zilifungwa. Mzigo wa matibabu ya wastaafu ulihamishiwa mfuko unaojitegemea, jambo lililokubaliwa tangu mkataba wa 2007. Mkataba huo huo uliruhusu wapya kuanza na takriban dola 14 kwa saa, nusu ya mzoefu anayefunga boliti ile ile kando yao. Kidonda hicho ndicho kilichopasuka baadaye (swali la 15).

## Hali ya sasa

15. Mgomo wa 2023 ulileta nini?

Kwa mara ya kwanza UAW iligomea kampuni zote tatu kwa wakati mmoja, kuanzia 15 Septemba, ikifunga viwanda vichache na kuongeza kidogo kidogo bila kutangaza mapema kipi kinafuata. Baada ya wiki sita hivi ilipata nyongeza ya asilimia 25 hadi 2028, pamoja na kurudishwa kwa nyongeza ya gharama za maisha iliyosimamishwa 2009. Toyota, Honda na Hyundai nazo zilipandisha mishahara upesi, bila chama. Walijua wafanyakazi wao wanasoma magazeti.

16. Na Wachina?

Hili ni gumu kuliko la Wajapani. Kwa miaka mingi China ilikuwa shamba la GM: 2017 iliuza huko magari zaidi ya milioni nne pamoja na wabia wake. Kufikia 2024 mauzo hayakufika nusu ya hapo, na Desemba mwaka huo ikatangaza kufuta zaidi ya dola bilioni tano za thamani ya biashara hiyo. BYD, iliyoanza 1995 Shenzhen kama kiwanda cha betri, hutengeneza sehemu kubwa ya gari yenyewe. Marekani imeifungia China mlango kwa ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme tangu 2024. Mkuu wa Ford, Jim Farley, alisema mwaka huo kwamba ameendesha Xiaomi ya umeme kwa miezi sita na hataki kuirudisha.

17. Ushuru wa 2025 unailinda Detroit?

Si moja kwa moja. Aprili 2025 magari ya nje yaliwekewa asilimia 25, lakini Detroit yenyewe hutengeneza mengi Meksiko na Kanada; baadhi ya Chevrolet Silverado hutoka Silao, Meksiko. GM ilikadiria mwaka huo ushuru ungeigharimu dola bilioni nne hadi tano. Japani ilipojadiliana ikashushiwa hadi asilimia 15, kampuni za Detroit zililalamika kwamba mgeni sasa anatozwa kidogo kuliko gari lao kutoka kwa jirani.

## Kwetu

18. Mbona barabara zetu hazina magari ya Marekani?

Steringi. Kenya, Tanzania na Uganda tunaendesha kushoto, na Japani pia. Gari lililotumika Japani linashuka bandarini Mombasa au Dar likiwa tayari kwa barabara zetu. Pikapu ya Detroit hutengenezwa kwa steringi ya kushoto na kwa mtu asiyejali mafuta. Nenda Muscat, wanakoendesha kulia na mafuta ni nafuu, utakuta GMC na Tahoe zimejaa.

Hata hivyo Detroit ilikuwepo kwetu kwa majina mengine. Malori ya Bedford yalikuwa ya GM kupitia Uingereza. Isuzu za Nairobi ziliundwa kwenye kiwanda cha General Motors East Africa, hadi GM ilipouza asilimia 57.7 yake kwa Isuzu 2017. Land Rover ilikuwa ya Ford kuanzia 2000 hadi ilipouzwa kwa Tata ya India 2008.

19. Nimeona Chevrolet ya bei poa. Ninunue?

Angalia kwanza ni Chevrolet ipi. Optra na Aveo zilizouzwa Nairobi zilikuwa kazi ya Daewoo ya Korea Kusini, kwa hiyo vipuri vyake hutafutwa kwa jina hilo. Ikiwa ni Tahoe au Silverado iliyoletwa na mtu binafsi, steringi ni ya kushoto na sheria za usajili hutofautiana nchi na nchi. Kenya ina pia kikomo cha miaka minane kwa gari la mtumba. Kabla ya kulipa, pita Kirinyaga Road au Gerezani, mtajie muuza vipuri modeli na mwaka, uliza bei ya taa moja ya mbele na itachukua siku ngapi kufika.